Nyoka wa kijani barazani: mtoto wa koboko, au mla mijusi?

Swali: “Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi nje kidogo ya Muheza mjini. Tangu mvua zianze kuna nyoka wa kijani anaonekana barazani kwetu, mara nyingi asubuhi jua likishapanda. Ni mwembamba kama kidole, urefu unazidi mkono wangu kidogo. Mbele ana madoa meusi, kuelekea mkiani rangi inakuwa ya kahawia. Anapanda ukuta mtupu, bila tawi wala kamba, anachungulia kwenye matundu ya hewa. Juzi alitoa ulimi nikaona ni wa buluu. Jirani anasema ni mtoto wa koboko wa kijani na huo ulimi ndio wenye sumu. Mume wangu ameshanunua mafuta ya taa ya kumwaga kuzunguka nyumba, na anataka kuukata mchungwa ulio karibu na dirisha. Mama mkwe naye anasema tukimuua, mwenzake atakuja kulipiza. Gamba alilojivua nimeliokota juu ya dirisha, nimelihifadhi kwenye mfuko. Tufanyeje? Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu na huchezea hapohapo barazani.”

Jibu: Nzuri, dada, na pole kwa wasiwasi. Kabla ya lolote nimtetee kidogo jirani yako, kwa sababu hajasema upuuzi. Ukanda wenu una koboko wa kijani kweli. Nyoka huyo anaishi pwani yote ya Tanzania na kwenye vilima vya Usambara, na hapendi misitu tu. Utamkuta kwenye miembe, mikorosho, hata michungwa iliyofungamana majani. C.J.P. Ionides, yule bwana nyama wa zamani aliyegeuka mkamata nyoka, aliwanasa kwa wingi sana kwenye miti ya mashambani huko Newala. Kwa hiyo mtu wa Muheza akiona kitu cha kijani kinateleza kwenye mchungwa akashtuka, ana haki ya kushtuka.

Ila huyo uliyenieleza si koboko. Karibu kila alama uliyoitaja inanielekeza kwa nyoka mwembamba wa vichakani mwenye madoa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Philothamnus semivariegatus. Wapo wanaomwita ukukwi, ingawa wengine hutumia jina hilohilo kwa nyoka yeyote wa kijani, na ndiyo maana mabishano ya majirani hayaishi. Huyu hana sumu ya kumdhuru binadamu. Hana meno ya sumu mbele wala nyuma, ana meno madogo tu ya kushikia mjusi asiponyoke.

Nianze na rangi. Koboko wa kijani mkubwa ana rangi moja tu, kijani kibichi kuanzia kichwani mpaka mkiani, pengine na kigamba kimoja kimoja cha manjano. Hana madoa meusi. Mtoto wake naye hana madoa. Anachotofautiana na mkubwa ni kuwa kijani chake kina ubuluu kidogo. Nyoka wako ana madoa meusi sehemu ya mbele, kisha kijani kinafifia na kuwa rangi ya shaba au kahawia kuelekea mkiani. Hiyo ndiyo sare ya huyu wa vichakani. Umbo la kichwa pia husaidia: koboko ana kichwa kirefu chembamba na jicho la wastani, wakati huyu kichwa chake ni kifupi na jicho ni kubwa, la mviringo, lenye duara la rangi ya dhahabu. Ni nyoka wa mchana anayewinda kwa macho, na jicho hilo limeumbwa kunasa kitu kidogo kinachotikisika kwenye kivuli.

Ulimi wa buluu uliokutisha ndio umenipa uhakika zaidi. Nyoka huyu ana ulimi wa buluu uliokolea wenye ncha nyeusi, na ukimwona akiutoa polepole kwa kweli unavutia. Lakini ulimi wa nyoka yeyote, awe fira, chatu, koboko au huyu, hauna sumu wala hauchomi. Kazi yake ni kuokota chembechembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilichomo kwenye paa la kinywa, ndipo nyoka anajua kama mbele kuna chakula, jike au hatari. Sumu, kwa nyoka walio nayo, hutoka kwenye tezi zilizo kichwani nyuma ya macho na kupita kwenye meno. Nyoka anayetoa ulimi mara kwa mara anachunguza tu mahali alipo.

Umeshangaa anavyopanda ukuta mtupu. Pindua kichwani mwako picha ya nyoka, utazame tumbo lake. Pale chini kuna vigamba vipana vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Kwa nyoka wengi vigamba hivyo ni laini na vya mviringo. Kwa huyu kila kimoja kina kunjo kali pande zote mbili, hivyo tumbo linakuwa na kingo mbili zinazokwenda kwa urefu wa mwili. Kingo hizo hujishika kwenye magome ya miti, na kwake plasta iliyopigwa kwa mkono ni gome tu la mti mwingine. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ukang’aa humsumbua. Ukuta wa chokaa au wa saruji yenye chembe za mchanga anaupanda bila shida.

Sasa lile gamba ulilohifadhi. Umefanya jambo la maana sana, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kumtambua nyoka bila kumsogelea. Gamba lililovuliwa halina sumu. Nawa mikono tu ukimaliza. Lilowanishe kidogo, ulitandaze kwenye karatasi nyeupe, kisha ulinyanyue mbele ya dirisha mwanga upite. Usilipime urefu, maana gamba huvutika wakati wa kuvuliwa na huwa refu kuliko mwenyewe.

Tazama vigamba vidogo vya mgongoni. Kwa nyoka wa vichakani ni laini, havina mstari katikati. Ukiona kila kigamba kina tuta jembamba linalokipasua katikati kwa urefu, simama hapo, kwa sababu umeingia kwa nyoka mwingine ambaye nitamtaja sasa hivi. Kisha chagua sehemu ya katikati ya mwili uhesabu safu: anza pale vigamba vipana vya tumbo vinapoishia upande mmoja, panda kwa mshazari juu ya mgongo, shuka mpaka upande wa pili. Vile vipana vya tumbo usivihesabu. Huyu wa vichakani kwa kawaida ana safu 15. Koboko wa kijani anaanzia 17 na mara nyingi huzidi. Hesabu mara mbili au tatu katika sehemu tofauti, kwa kuwa gamba lililokunjamana hudanganya. Mwishoni angalia tumbo: yale makunjo niliyoyaeleza huonekana kama mistari miwili inayokwenda sambamba.

Nyoka niliyesema nitamtaja ni bumslangi, na ndiye anayenizuia nisikwambie “usijali, hata ukimshika haina neno”. Bumslangi naye hukaa mitini, naye ana jicho kubwa sana, madume wengi ni wa kijani, na akitishwa huvimbisha shingo kama anavyofanya nyoka wako. Wadogo wao huwa na rangi ya kijivu na kahawia. Vigamba vyake vya mgongoni vina lile tuta katikati, hivyo ngozi yake huonekana ya kukwaruza. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo ya kinywa, jambo lililowafanya watu waamini kwa miaka mingi kwamba hana madhara makubwa. Mwezi Septemba 1957 mtaalamu mashuhuri wa nyoka, Karl Schmidt wa makumbusho ya Field mjini Chicago, aliletewa bumslangi mdogo amtambue. Akaumwa kidole gumba. Alidhani sumu iliyoingia ni kidogo mno kumdhuru, akaendelea kuandika dalili zake. Kesho yake alifariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Kama mtu wa elimu ile aliteleza, mimi na wewe hatuna sababu ya kumshika nyoka wa kijani kwa kutegemea maelezo ya maandishi. Nina uhakika mkubwa na jibu langu, lakini uhakika huo ni wa kukufanya ulale usingizi. Si wa kukufanya unyooshe mkono.

Turudi kwa mgeni wako, maana ukijua anaishije utajua pia kwa nini amekuchagua wewe. Anapoamka huota jua kwanza, kisha huanza kupekua: chini ya mabati, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya ubao wa dirisha. Anatafuta mijusi kafiri. Hao mijusi huwinda usiku na kulala mchana kwenye matundu, kwa hiyo anawakuta usingizini. Hula pia mijusi wengine, vyura wa mitini na hata vinyonga. Akitulia kwenye tawi mara nyingine huyumbisha sehemu ya mbele ya mwili taratibu, ukadhani ni kijiti kinachotikiswa na upepo. Akishtuka hukimbia, na ana kasi ya ajabu. Asipoona njia ndipo huvimbisha koo mpaka ngozi ya buluu iliyofichika katikati ya vigamba ionekane. Ni vitisho vitupu. Ukimbana atakung’ata, akuachie mikwaruzo midogo ya kuosha kwa sabuni.

Jioni huenda kulala kwenye vitawi vyembamba vya nje kabisa vya mti. Si ujinga: mnyama yeyote akikanyaga tawi hilo usiku, mtikisiko humwamsha kabla hajafikiwa. Ukimulika mchungwa wako kwa tochi usiku, ukiwa umesimama mbali, huenda ukamwona amejikunja kama mviringo wa kijani kwenye ncha ya tawi. Jike hutaga mayai marefu membamba, kama matatu hadi kumi na mawili, ndani ya tundu la mti au chini ya majani yanayooza, na hayalalii. Watoto hutoka na urefu wa sentimita 25 hivi, na kuanzia siku hiyo kila mmoja hujitegemea. Hapo uone kwamba hakuna familia ya nyoka inayokaa pamoja ikipanga mambo.

Ndiyo sababu hadithi ya mama mkwe, kwa heshima zake zote, haina msingi. Nyoka hawaishi kwa ndoa wala hawakumbuki nani kamuua nani. Kilichofanya watu waamini hivyo ni kweli hutokea: nyoka wa pili huonekana baada ya wa kwanza kuuawa. Hutokea kwa sababu chakula bado kipo palepale, au kwa sababu ni msimu wa kupandana na dume linafuata harufu aliyoiacha jike. Akija wa pili, amefuata mijusi yako.

Kuhusu mafuta ya taa, mwambie mzee ayarudishe kwenye taa. Hayafukuzi nyoka kwa namna ya kutegemewa. Yakikauka nyoka anapita juu yake. Vivyo hivyo oili chafu ya gari, vitunguu saumu, chumvi na tairi la kuchoma. Na kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu mafuta ya taa ni hatari kuliko huyo nyoka. Mtoto akiyanywa, hata funda moja, yanaweza kuingia mapafuni na kumuumiza vibaya. Kama chupa iko chini, ipandishe juu kabla hujaendelea kusoma.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kumuua. Mtaweza pengine, lakini kumpiga nyoka kunamlazimu mtu amsogelee, na siku mtakapokosea, mkampiga koboko au bumslangi mkidhani ni huyu, ndiyo siku mtu ataumwa. Isitoshe mijusi ikibaki, nafasi yake itajazwa. Ya pili ni kumhamisha kwa msaada wa mtu mwenye ujuzi. Hiyo ni sawa kama hamwezi kabisa kuvumilia kumwona, ila tatizo la nafasi kujazwa liko palepale. Ya tatu, ambayo ningeichagua kama nyumba ingekuwa yangu, ni kumwacha na kuibadilisha baraza isiwe na sababu ya kumvuta.

Ni hivi. Taa ya barazani inayowaka usiku kucha huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi kafiri, na mijusi humleta nyoka asubuhi. Zimeni taa hiyo mnapoingia kulala, au mweke balbu ya mwanga wa manjano ambayo haivuti wadudu sana kama ile nyeupe. Matundu ya hewa yawekeeni wavu wa mbu wa waya, uliobanwa vizuri pembeni. Zibeni nafasi iliyopo kati ya ukuta na mabati. Kuni, matofali na mabati chakavu visiegemezwe ukutani. Na kama mnahifadhi mahindi ndani, yafungieni kwenye chombo ambacho panya hawezi kukifungua. Huyu wa kijani hana habari na panya, lakini fira na moma huwafuata, na hao ndio nisingependa wakutembelee usiku.

Mtoto mfundishe sheria moja isiyo na maelezo mengi: ukiona nyoka, simama, rudi nyuma, umwite mama. Usimfundishe kwamba wa kijani ni mzuri na wa kahawia ni mbaya. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuchagua, na watu wazima wengi nao hawawezi.

Nyoka akiingia ndani, toeni watoto, fungeni milango ya vyumba, fungueni mlango wa nje, mmpe muda atoke mwenyewe. Mtu mmoja abaki akimtazama kwa mbali, ili msije mkakosa kujua amekwenda wapi. Asipotoka, au akiwa ni mrefu wa kijani kisicho na doa, au gamba lako likionyesha safu 17 na zaidi, au lile tuta katikati ya vigamba, msijaribu wenyewe. Pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au mwoneni afisa wanyamapori wa wilaya. Picha mnaweza kupiga, kwa umbali wa hatua nne au tano, mkikuza kwa simu.

Mtu akiumwa na nyoka wa kijani ambaye hamjamtambua kwa hakika, apelekwe hospitali hata kama haoni maumivu. Hili naomba mlishike. Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu na misuli, na dalili zake zinaweza kuja haraka: jasho, mate mengi, kope kulegea, kupumua kwa shida. Ya bumslangi ni kinyume. Mtu anaweza kukaa saa nyingi akiwa mzima, kisha fizi zikaanza kutoa damu na mkojo ukawa mwekundu. Asiondoke kituoni kwa sababu anajisikia vizuri. Kuna kipimo rahisi kinachoweza kufanywa hata kwenye kituo kidogo: damu huwekwa kwenye chupa ya kioo safi na kavu, huachwa dakika 20 bila kutikiswa, kisha huinamishwa kuona kama imeganda. Isipoganda, sumu inafanya kazi. Kipimo hicho kinaweza kuhitaji kurudiwa.

Njiani mtulize, avue pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na asitembee kama kuna namna ya kumbeba. Msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu. Lile jiwe jeusi linalouzwa kama dawa ya nyoka haliondoi sumu, na muda unaotumika kuligandisha ndio muda wa bodaboda kufika hospitali. Kitu kingine ambacho watu hukisahau: pigeni simu leo, wakati hakuna dharura, muulize hospitali ya wilaya na ile ya Bombo pale Tanga mjini kama wana dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, na kama inafanya kazi kwa nyoka wa Afrika. Ile inayotengenezwa kwa nyoka wa India haifai kwa koboko wetu. Na bumslangi ana dawa yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini, tofauti na ile ya mchanganyiko inayotumika kwa koboko, kwa hiyo daktari akihisi ni yeye inabidi aanze kuitafuta mapema.

Mchungwa usiukate. Punguzeni matawi yanayogusa mabati na yanayoelekea dirishani, ibaki nafasi ya mita mbili hivi kati ya mti na nyumba, na mfyeke yale majani mazito ya katikati ili mwanga upite. Mti wenyewe utazaa vizuri zaidi. Wakati wa kuchuma, anza kwa kutikisa matawi kwa mti mrefu ukiwa chini, usubiri kidogo, uangalie ndani kabla mtu hajapandisha mkono. Anayepanda awe mtu mzima, mchana kweupe.